Sauti ya Lifti kutoka Kabatini

Redio niliyokuwa nikisomea habari ilipofunga studio yake ya Mombasa na kuhamishia kila kitu Nairobi, wenzangu walifungasha wakaenda. Mimi nilibaki. Shangazi yangu alikuwa amezeeka, nyumba yake ya Mji wa Kale ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu, na kila nilipotaja Nairobi aliniuliza kama huko kuna mtu atakayenipikia mkate wa sinia. Nikanunua maikrofoni nzuri, nikaingia ndani ya kabati lake la nguo, nikaanza kazi ya kuuza sauti.

Ninaposema kabati nasema kabati. Lilikuwa la msaji, alilopewa na babake siku ya arusi yake, pana kiasi cha mtu kuingia na kiti na meza ndogo. Lilikaa kwenye ghala la chini, nyuma ya duka alilolipangisha, kwa kuwa ngazi zetu ni nyembamba na hajatokea fundi aliyejua namna ya kulipandisha. Ndani mlikuwa na mabuibui yake, shali, na magauni aliyovaa kwenye arusi za watu ambao sasa wana wajukuu. Kwa mtu wa sauti, nguo ni mali. Ukisema mbele ya ukuta mtupu maneno hukurudia kama umeingiza kichwa ndani ya sufuria, lakini nguo huyameza. Na kuta za ghala lenyewe ni za mawe ya matumbawe, nene kama zilivyojengwa zamani, hata tuktuk ikipita kichochoroni sikusikia kitu ila mtetemo mdogo kwenye nyayo.

Kila siku nilikuwa naingia, navuta milango ya kabati, naifunga kwa ndani kwa kikoi isiachie mwanya, nawasha taa ndogo na kusoma. Nilisoma habari za faru. Nilisoma maelezo ya mashine ya kufulia. Nilisoma mafunzo ya usalama ya kiwanda ambacho mpaka leo sijui kiko nchi gani. Nilitoka nimelowa kama mtu aliyeoga na nguo zake, nikinuka udi na vidonge vya kufukuzia nondo. Wateja wa mbali waliniandikia kwamba sauti yangu ina joto. Hawakukosea.

Shangazi hakuiona kazi. Alichokiona ni mwana wa ndugu yake, mtu mzima mwenye mvi, anayejifungia kabatini baada ya chai ya asubuhi na kusema peke yake, mara kwa furaha, mara kwa huzuni, akirudia neno moja kama aliyelipoteza. Mwishowe akawaeleza jirani zake. Alasiri moja nilitoka ghalani nikamkuta mama mmoja wa mtaa wa pili amekaa sebuleni na bakuli la kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi.

"Kunywa, baba," alisema shangazi.

"Shangazi, mimi mzima. Hii ni kazi."

"Wote husema hivyo. Kunywa."

Nikanywa. Koo lilikuwa limenikauka siku ile kwa habari za faru, na maji yale yalinipoza vizuri sana. Nikashukuru, na sauti iliponitoka laini, wale wanawake wawili wakatazamana.

Kazi ya lifti ilikuja miezi kadhaa baadaye, kwa barua pepe. Kampuni moja ya nchi ya baridi, inayotengeneza lifti, ilitaka lifti zake ziseme Kiswahili. Maneno yalikuwa machache: mlango unafunguka, mlango unafungwa, lifti inapanda, lifti inashuka, majina ya ghorofa, na mwisho maneno ya dharura, ya kumwambia mtu pale lifti inapokwama. Kilichokuwa kigeni kwangu ni utaratibu. Mpaka hapo nilikuwa nikirekodi peke yangu na kutuma. Safari hii kungekuwa na muongozaji, mwanamke wa huko huko kwenye baridi, ambaye angenisikiliza wakati nasoma na kunielekeza papo kwa papo. Hakujua neno la Kiswahili, ila alisema hilo halina neno, yeye husikiliza moyo.

Aliniuliza nitaunganishwa naye kwa njia gani. Je, nina laini maalumu ya kidijitali, kama za studio kubwa? Au tutumie kiungo anachonitumia nikifungue kwenye kompyuta, ambacho hupitisha sauti safi kana kwamba tumekaa chumba kimoja? Au mkutano wa video wa kawaida, ambao yeye haupendi kwa sababu hukwangua sauti? Au, tukishindwa kabisa, simu tu, yeye asikilize kwa simu na mimi nirekodi kwangu na kumtumia baadaye? Nilisoma barua ile ndani ya kabati kwa fahari kidogo. Nikajibu kwamba kiungo kitafaa.

Intaneti yangu ilitoka dukani. Mwenye duka la chini alikuwa mpangaji wa shangazi tangu sijaota ndevu. Wazee wake walikuwa Wahindi wa Kach, yeye alizaliwa kichochoro chetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita kitupu isipokuwa anapopima kitambaa. Wari alizihesabu kwa Kikachi. Aliuza mapazia na mashuka. Juu ya mlango alikuwa ametundika spika ambayo asubuhi ilitoa kaswida na mchana ilitangaza bei. Kisanduku chake cha intaneti kilikaa nyuma ya kaunta, na waya ulipita kwenye tundu la ukuta hadi kwangu.

Tukapanga tuanze baada ya adhuhuri na tumalize kabla ya alasiri, maana misikiti ya kwetu iko karibu karibu na hakuna kabati litakaloizuia adhana. Nikafunga milango kwa kikoi, nikavaa hedifoni, nikafungua kile kiungo. Sauti ya yule mwanamke ikaingia masikioni mwangu safi kabisa, hata nilimsikia akimeza mate. Alisema Kiingereza cha upole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Tuanze na mlango," alisema.

"Mlango unafunguka," nikasoma.

"Nzuri sana. Sasa nipe tena, lakini mlango uwe umefurahi kidogo."

"Mlango uwe umefurahi?"

"Umefurahi kumwona mtu. Alikuwa hayupo, sasa amekuja."

Nikajaribu kuwa mlango uliofurahi. Akasema vizuri. Tukaenda kwenye lifti inapanda, akataka matumaini, lakini yasizidi, kwa sababu huenda mtu anapanda kwenda kwa mkopeshaji. Lifti inashuka aliitaka isimvunje mtu moyo. "Uzito umezidi, tafadhali mmoja ashuke" tuliirudia mara nyingi kuliko yote, kwa sababu kila nilipoisoma, alisema, alihisi namtaka ashuke yeye.

Hapo hedifoni ikanyamaza. Nikasema hallo. Nikasema hallo tena. Nikadhani anafikiri. Watu wa kazi hii hupenda kufikiri kwa muda mrefu.

Yaliyotokea nje nilikuja kusimuliwa na mwenye duka. Zamani kidogo nilikuwa nimemsaidia kuunganisha ile spika yake kwa blututhi, nikaijaribu kwanza na kompyuta yangu. Kompyuta haikusahau. Siku ile, kwa sababu zake yenyewe, iliiona spika ikaifuata. Kwa hivyo mwenye duka alikuwa amewakunjulia mapazia wanawake wawili, juu ya mlango kaswida ikakatika, na sauti ya mwanamke wa kizungu ikasema, kichochoro kizima kikisikia: "Naomba iwe pana kidogo, na laini zaidi."

Mwenye duka ni mtu wa biashara. Alitazama juu akajibu kwa Kiingereza, "Pana ipo, madam. Laini pia ipo."

"Na joto zaidi," ikasema spika.

"Kwa nchi hii joto la nini?" akauliza mmoja wa wale wanawake.

"Madam, rangi gani?" akauliza mwenye duka.

Spika haikumjibu. Iliendelea polepole, kwa upole mkubwa: "Sasa fikiria umefungiwa. Kuna giza. Hakuna anayejua uko wapi."

Wale wanawake waliacha mapazia wakatoka. Mwenye duka alisoma alichokijua katika aya za kujikinga, akapita nyuma ya kaunta akavuta kila waya uliokuwa ukutani, wa spika, wa kisanduku, wa feni, wote kwa mkupuo mmoja. Pakatoka cheche. Stima ikapotea nyumba nzima, na kisanduku cha intaneti kikatoa moshi mwembamba, kikafa.

Taa yangu ilizimika. Kompyuta ilikuwa na chaji, ikabaki ikiwaka mbele yangu na kuniambia hakuna muunganisho. Nikafungua kikoi, nikatoka. Nilimkuta mwenye duka amesimama katikati ya mashuka, ameshika waya.

"Bhai," aliniambia, "spika yangu imeingiwa."

Nilimweleza. Nilimwambia ni mteja wangu, ni kazi, ni lifti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi yule mama anahitaji kuombewa." Lakini alikuwa muungwana, na kisanduku kilikuwa kimekufa mkononi mwake, kwa hivyo akaniuliza anisaidieje.

Njia iliyobaki ilikuwa simu. Lakini kuta zile zilizonipa utulivu haziruhusu simu kuingia. Ghalani hapashiki mtandao kabisa, na hata sebuleni ni mpaka utoe mkono dirishani. Mahali pa uhakika ni kwenye sutuhi, ile sakafu ya juu kabisa tunakoanika nguo. Nikapanda nikampigia muongozaji. Alipokea mara moja. Alisema amesikia nikisema hallo, kisha kishindo, kisha hakuna kitu, na alikuwa na wasiwasi. Nikamwambia stima imepotea, lakini kompyuta bado ina chaji, naweza kurekodi.

"Na mimi nitakusikia?"

"Hapana. Simu iko juu, kabati liko chini."

Mtu mwingine angesema tuahirishe. Yeye alisema wateja wake, wenye lifti, wanasubiri rekodi siku ile ile, na akauliza kama hakuna mtu wa kuishika simu na kunifikishia maelekezo. Nilimtazama mwenye duka, aliyekuwa amenifuata huku bado ana futi ya kupimia shingoni. Kiingereza alikijua vizuri. Ila sauti yake isingefika ghalani. Ngazi zinapinda mara mbili. Ilihitajika sauti nyingine hapo kati.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye pindo la ngazi, pale zinapokunja kona, anajipepea kwa kipepeo cha ukili. Alikuwa amelisikia jambo lote.

"Mimi nitasema," alisema. "Kwani ni kitu gani? Yeye anambie, nami nikwambie."

Basi hivyo ndivyo tulivyounganishwa. Muongozaji alikuwa kwenye nchi ya baridi. Simu ilikuwa juu ya tangi la maji, na mwenye duka ameiinamia. Shangazi alikuwa kwenye pindo la ngazi. Mimi nilikuwa ghalani ndani ya kabati, milango nimeifunga kwa kikoi, hedifoni nimeiacha sikio moja wazi ili nimsikie shangazi, na mlango wa ghala tumeuegemeza kwa tofali. Kwa kuwa stima ilikuwa imepotea, feni na friji ya nyumbani vilikuwa vimenyamaza pia, na nyumba ilikuwa na utulivu ambao sijawahi kuupata tena.

Niliisoma upya ile ya uzito.

"Yuwasema vipi?" shangazi aliuliza juu, akimaanisha mzungu wangu.

"Yuwauliza yeye kasema vipi," akajibu mwenye duka.

Shangazi akafikiri. "Mwambie kasema vizuri."

Kisha mwenye duka: "Yuwasema asisukume."

"Baba, yuwasema usisukume. Wasukuma n'ni humo ndani?"

"Sisukumi kitu, shangazi. Ni sauti."

"Hasukumi," shangazi akapeleka juu.

"Hasukumi," mwenye duka akamwambia simu, kwa Kiingereza. Kisha akaleta jawabu: "Yuwasema hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka."

Tuliendelea hivyo. Mwanamke yule, ambaye hakujua Kiswahili na sasa hakunisikia kabisa, alikuwa akiniongoza kwa habari za kupokea, na cha ajabu ni kwamba hakuwahi kuwa na furaha kiasi kile. Nilipokuwa namsikia moja kwa moja hakuridhika na lolote. Sasa kila kilichomfikia kilikuwa kimepita kwa shangazi, na shangazi hakuwa mtu wa kumsema vibaya mwana wa ndugu yake mbele ya wageni. Ghorofa zote tulizimaliza upesi. Mahali pamoja muongozaji alitaka nivute pumzi kabla ya kuanza. Mwenye duka akasema apate pumzi kwanza, na shangazi akaniambia, "Yuwasema upumzike kwanza." Nikapumzika. Nilikaa kwenye kiti changu gizani, nimeegemea mabuibui, mpaka nikasikia juu wakiulizana kuna nini.

"Yuwauliza anafanya n'ni," alisema mwenye duka.

"Amepumzika," shangazi akasema. "Si alisema mwenyewe?"

Kisha tukafika kwenye maneno ya dharura. Yalikuwa sentensi mbili: Usiogope. Msaada uko njiani. Nilizisoma kama nilivyokuwa nikisoma habari za mafuriko, kwa uzito unaofaa.

Shangazi hakupeleka kitu juu. Aliniuliza mimi. "Msaada wa n'ni? Nani aliyepatwa?"

"Hakuna mtu, shangazi. Ni maneno ya lifti ikikwama."

"Hakuna mtu, basi wamwambia nani asiogope?"

Shangazi hakunisubiri nijibu. Akalipeleka swali juu, na mwenye duka, ambaye naye alionekana kulingojea, akalipeleka kwenye simu. Nilikuja kuambiwa kwamba muongozaji alisema kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kuulizwa swali zuri kama hilo. Akaanza kufikiri kwa sauti. Mwenye duka akawa anatafsiri kila neno, na kwa kuwa upepo wa sutuhi ulikuwa umeanza, akawa anatafsiri kwa kelele.

"Yuwasema ni mwanamke mzee."

"Mwanamke mzee," shangazi alinifikishia.

"Amekuja hospitali. Binti yake amezaa."

"Alhamdulillahi."

"Amemchukulia supu," mwenye duka alisema, kisha akajirekebisha mwenyewe, "amemchukulia uji wa mzazi. Wa pilipili manga. Ameingia kwenye lifti peke yake, lifti imekwama, taa zimezimika, na milango haifunguki."

"Hospitali gani?" shangazi aliuliza.

Swali likaenda, jawabu likarudi. "Yuwasema yoyote."

"Hata hawajui yuko hospitali gani," shangazi aliniambia. "Baba, kuna mama wa watu amekwama gizani na uji wake, hata hawamjui alipo. Hebu mwambie maneno ya maana. Usimsomee kama habari."

Mimi nimefanya kazi ya sauti muda mrefu, na nimeelekezwa na watu waliosomea. Hakuna aliyewahi kunionyesha mtu wa kusema naye waziwazi kama vile. Nilimwona yule mama. Nilimwona ameushika mkoba kwa mikono miwili asimwage uji. Nikaisogelea maikrofoni nikamwambia, polepole, kama ninavyomwambia shangazi usiku radi inapopiga: "Usiogope. Msaada uko njiani."

Nilisikia vizuri mwenyewe kwamba imekaa. Nikataka niirudie mara moja nyingine kwa usalama, na hapo ndipo nilipoanza kusikia vishindo.

Kule kichochoroni, mkabala na nyumba yetu, kuna karakana ya seremala, mtu wa Kaloleni anayechonga milango ya kienyeji kwa ajili ya mahoteli. Duka likiwa giza na hakuna spika, alichokisikia siku ile ni sauti ya mwenye duka kutoka juu ya nyumba, ikipiga kelele kwamba mwanamke mzee amekwama, hakuna taa, milango haifunguki. Katika nyumba yetu mwanamke mzee ni mmoja. Aliacha randa, akachukua mtaimbo, akavuka, na wateja wawili waliokuwa wamekuja kuulizia kitanda wakamfuata. Waliingia wakamkuta shangazi amekaa ngazini, mzima, lakini anafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Amekwama wapi?" seremala aliuliza.

Shangazi alidhani ananiulizia mimi. Akanyoosha kidole ghalani. "Yumo kabatini."

Seremala aliingia, akavuta mlango wa kabati. Kikoi kikashika. Akavuta kwa nguvu zaidi. Mimi nikiwa ndani, sikio moja limezibwa, nilidhani shangazi amechoka na anagonga kunihimiza, kwa hivyo nikasema tena yale maneno, kwa upole ule ule, ili rekodi isiharibike.

"Usiogope. Msaada uko njiani."

Nje, kuvuta kukakoma.

"Siogopi, bwana," alisema seremala. "Sogea nyuma."

Kisha mtaimbo ukaingia kati ya milango. Msaji ukalia, kikoi kikapasuka, na mchana wote wa Mji wa Kale ukaniingia machoni. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, fulana imenishika mwili kwa jasho, buibui moja limeniangukia begani, nimewakodolea macho watu watatu na mtaimbo. Seremala alinitazama, akaitazama maikrofoni, akalitazama kabati lote mpaka chini.

"Na yule bibi?" aliuliza.

"Bibi gani?"

"Aliyekwama."

"Yuko kwenye lifti," nilisema. Nilikuwa bado nimo ndani ya kazi.

"Lifti gani? Nyumba hii ina lifti?"

Kutoka juu mwenye duka alikuwa anauliza kishindo ni cha nini. Shangazi akamwambia kuna watu wamekuja kumtoa. Mwenye duka akamwambia simu kwamba watu wamekuja kumtoa. Nilipofika sutuhini, nikiwa nimewaacha seremala na wenzake wanapewa maji ya ndimu, muongozaji alikuwa akiuliza ametolewa nani, na mwenye duka alikuwa akimjibu kwa subira kubwa kwamba hajui, lakini ametoka salama.

Niliibeba kompyuta kwa tuktuk hadi kwa rafiki yangu anayekaa kwenye fleti za Tudor, nikazituma rekodi kwa intaneti yake. Sikuzisikiliza tena. Nilikuwa na aibu, na pia sikuwa na nguvu.

Seremala alirudi kesho yake kulitengeneza kabati, bila kuitwa. Alisema hajawahi kuvunja kitu cha zamani kama kile na hakulala vizuri. Alipomaliza aliingia ndani mwenyewe, akavuta milango, akakaa humo kimya kwa muda, kisha akatoka akasema ni kweli, pametulia.

Jawabu la kampuni lilichukua wiki kadhaa. Muongozaji aliniandikia kwamba wenye lifti wamezipenda sauti zote, hasa ile ya dharura, na kwamba wamechagua ile niliyomwambia yule mama wa uji, kabla ya vishindo. Walikuwa na swali moja tu. Baada ya "msaada uko njiani" husikika sauti nyingine, ya mbali, ya mwanamke, inasema neno moja. Walimuuliza mtafsiri wao, naye akawaambia ni neno ambalo watu wa pwani hulisema kwa jambo lijalo, na kwamba hapo limekaa mahali pake. Wangependa kuliacha. Je, mwenye sauti anakubali?

Nikaifungua rekodi nikaisikiliza kwa hedifoni. Lilikuwepo. Mimi namaliza, pumzi moja inapita, na kutoka kwenye pindo la ngazi shangazi anasema, kwa mtu asiyemjua, "Inshallah."

Nilimweleza nikamwomba ruhusa. Aliwaza kidogo kuhusu watu watakaokwama na kumsikia, akasema hana neno, ila wangemwambia mapema angekohoa kwanza. Kwa hivyo mahali fulani, katika majengo nisiyoyajua, lifti zinapokwama humwambia mtu kwamba msaada unakuja, kisha hukumbuka kumwachia Mungu. Sijui kama hilo humtuliza aliye ndani au humzidishia hofu. Sijawahi kukwama nikajua.

Siku hizi mwenye duka amenunua kisanduku kipya cha intaneti, na mimi nimeifundisha kompyuta yangu isiifuate spika yake. Kiungo kinafanya kazi vizuri. Hata hivyo juzi muongozaji ameniletea kazi nyingine, ya mashine ya kulipia maegesho ya magari, na mwishoni mwa barua akauliza kama tunaweza kutumia njia ile ile ya mara ya kwanza, ile yenye watu. Mwenye duka alikubali palepale. Alisema ataweka mwamvuli karibu na tangi la maji. Shangazi aliuliza kwanza ni mashine ya nini, nikamweleza. Akasema atakaa ngazini, lakini safari hii asikwame mtu.